Vinyago vya Shibiri Moja

Kinyago cha uso ambacho Walega hukiita lukwakongo hakizidi shibiri moja, ukiacha ndevu zake. Kina macho membamba, pua iliyonyooka, mdomo uliofunguka kidogo, na uso uliobonyea kuanzia kwenye nyusi hadi kidevuni kwa umbo la moyo. Juu yake kumepakwa udongo mweupe. Chini zimefungwa nyuzi za mmea ziwe ndevu, na mara nyingi ndevu hizo ni ndefu kuliko uso wenyewe. Basi, hakuna zaidi. Hakuna meno ya kutisha wala rangi zinazogombana. Mtu aliyezoea vinyago vya kufunika kichwa kizima, vile vya kurukaruka navyo uwanjani watoto wakakimbia, hupita mbele yake bila kupunguza mwendo.

Haraka hiyo humkosesha mengi. Kitu hiki hakikuchongwa kitazamwe kwa mbali, wala kitazamwe na kila mtu. Kilichongwa kishikwe, kipakwe, kining'inizwe, kiburuzwe, kirithiwe. Anayetaka kukijua hana budi akae nacho.

Bukavu ni mahali pazuri pa kukaa nacho. Mji huu umejengwa kwenye rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu, juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na ardhi yake ni ya Bashi. Walega wamekuja kutoka upande ambako barabara, ikishapita Walungu, huteremka kuelekea Mwenga na Kamituga. Mbele zaidi kuna msitu wa Shabunda, na ng'ambo ya mpaka wa mkoa kuna Pangi, katika Maniema. Nchi hiyo yote ni Urega. Mtoto wa Bukavu akisikia mwami humfikiria mfalme, yule wa Kabare au yule wa Ngweshe. Urega haukuwa na mfalme. Huko mwami alikuwa kila aliyeingizwa katika bwami, chama cha mafunzo na heshima kilichoshika vijiji pamoja bila jeshi wala ikulu. Wamisionari Waxaveriani, waliofanya kazi miongo mingi katika parokia za Urega, wameweka hapa mjini jumba la makumbusho ya Kivu, na vitu vya bwami ndivyo vinavyonifanya nisimame humo mpaka miguu ichoke.

Ngazi za wanaume, kutoka chini, ni kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio na kindi. Yananio na kindi nazo zina vidato ndani yake, na aliyefika juu kabisa huitwa lutumbo lwa kindi. Majina hayo hayasemi kitu mpaka ujue yaligharimu nini. Kupanda kulitaka nyama, chumvi, mafuta, na mafungu ya musanga, ile fedha ya visahani vya gamba la konokono vilivyotungwa kwenye uzi. Mtu hakuweza kuvikusanya peke yake. Alihitaji ndugu, wakwe, marafiki, na mwalimu wa kumshika mkono. Nani atamchangia mgomvi? Nani atamsimamia mtu asiyetunza siri, au anayempiga mkewe mbele ya watu? Mwenye mali lakini asiye na tabia aliweza kuzeeka kwenye ngazi ya chini, huku maskini mwenye subira akivutwa juu na watu wake. Kwa hiyo unapoona kinyago kidogo cha mti chenye ndevu, unaona alama ya mtu aliyefika lutumbo lwa yananio. Ukiona uso wa pembe ya tembo, ule unaoitwa lukungu, au sanamu ya pembe iitwayo iginga, umemfikia kindi.

Tuanze na mti, maana ndio rahisi kueleza. Lukwakongo huchongwa kwa mti mwepesi. Tezo huondoa sehemu kubwa, kisu humaliza. Nyuma hukombwa ndani, na pembeni hutobolewa matundu madogo ya kupitishia kamba na ya kufungia ndevu. Mchongaji mwenye papara hujulikana kwenye nyusi: hapo ndipo ubapa wa paji la uso unapovunjika kuingia kwenye bonde la mashavu, na mstari huo ukitetemeka, uso wote huonekana umelegea. Kwenye kazi nzuri mstari unakwenda kwa pumzi moja, kutoka shavu hadi shavu, na pua inashuka kutoka katikati yake bila kiungo.

Ninachokistahi zaidi kwa huyu fundi ni mahali alipoachia kisu. Alijua kuchonga sikio, akaliacha. Alijua kuchonga nywele, makunyanzi, chale za mashavuni, akaacha nyingi. Aliutengeneza uso mpaka ukawa uso wa mtu, na kabla haujawa uso wa mtu fulani akaondoa mkono. Wachongaji wengi ninaowajua, na waandishi pia, hawana nguvu ya kufanya hivyo. Tunaendelea kuongeza kwa sababu kuongeza kunaonekana kuwa bidii. Huyu aliacha nafasi, na ilikuwa nafasi ya maneno yatakayosemwa na wengine.

Pembe ni kazi ya namna nyingine. Ni ngumu, na haisamehe: ulichokiondoa hakirudi. Upande wa shina, ule unaokaa ndani ya fuvu la tembo, pembe ina uwazi. Kuelekea nchani imejaa. Mchongaji anayejua kazi huanza kwa kukubaliana na umbo hilo. Ndiyo sababu maginga mengi yana mgongo uliopinda kidogo, au yanasimama yakiwa membamba juu kuliko chini. Tembo mwenyewe ameshiriki kuyachonga. Miguu ni mifupi na imekunjwa magotini. Mikono mara nyingi haipo kabisa, au ni vijiti viwili vilivyobanwa ubavuni. Macho ni mapana kama umbo la kete, na wakati mwingine kete halisi imepachikwa mahali pa jicho. Kwenye kifua, tumbo au paji la uso kuna vijiduara vyenye nukta katikati, vimepangwa kwa safu au vimetawanywa, vimekwaruzwa kwa kina kidogo tu ili vishike rangi na uchafu wa miaka.

Kisha huja kulainisha. Majani makavu yenye ukakasi, ya aina ya msasa, husuguliwa juu ya pembe mpaka alama za kisu zipotee, na hapo kazi ya mchongaji inakwisha. Jina lake halikutunzwa. Ukiuliza iginga hii ilichongwa na nani, swali lenyewe halipo mahali pake. Linaloulizwa ni ilishikwa na nani, akampa nani, na yule akampa nani. Sisi tuliolelewa na vitabu vya shule tunaona ni dhuluma kwa fundi. Mimi nilikuwa nikiona hivyo. Siku hizi naona kwamba Walega waligawa kazi kwa uaminifu kuliko sisi: fundi alifanya sehemu yake, nayo ilikuwa ndogo kuliko sehemu iliyobaki.

Sehemu iliyobaki ni ya mafuta na mikono. Watu wa bwami walipokutana walipaka miili yao mafuta, hasa ya mbarika, ngozi ikang'aa. Sanamu za pembe nazo zilitolewa kwenye mikoba na vikapu, zikapakwa mafuta yaleyale, kwa viganja vilevile. Pembe hunywa mafuta polepole. Inapotoka kwa mchongaji ni nyeupe na baridi. Baada ya mwenye nayo wa kwanza imeanza kuwa ya njano. Baada ya wa tatu ni ya asali. Baada ya wengi, mgongoni na kisogoni inakaribia wekundu wa mbao kongwe. Pua imepungua. Kidevu kimekuwa laini. Duara zilizokwaruzwa zimebaki vivuli. Mwiko wa ugali uliotumiwa miaka mingi na mama mmoja huliwa upande mmoja, na binti yake akiushika anajua mkono wa mama ulikuwa ukigeukia wapi; iginga nayo inaonyesha vivyo hivyo vidole vya watu waliokwisha kuzikwa viliishikia wapi.

Kwa hiyo kitu hiki kilichongwa mara mbili, mara ya kwanza kwa chuma katika muda mfupi, mara ya pili kwa ngozi ya binadamu katika vizazi. Uchongaji huu wa pili hakuna fundi anayeweza kuuharakisha. Hapo ndipo uzuri wa kazi ya Walega unapokaa, na vitabu vingi vyenye picha nzuri huupita, kwa sababu picha haionyeshi mafuta wala uzito.

Nimesema mchongaji aliacha nafasi ya maneno. Mafundisho ya bwami yalikwenda kwa methali, nyimbo, ngoma na vitu, vyote pamoja. Mwalimu alicheza akiwa na kitu mkononi, au akakiweka chini juu ya mkeka, na methali ikaimbwa. Aliyekuwa akiingizwa alitazama, akasikiliza, akafikiri. Lukwakongo kilekile kiliweza kuvaliwa usoni, kisogoni, kwenye paji la uso, kwenye mkono au gotini. Kikashikwa kwa ndevu na kuburuzwa ardhini. Kikalazwa kwenye rundo pamoja na vingine. Wakati mwingine ulijengwa uzio mdogo wa fito, kinyago kikubwa zaidi, idimu, kikatundikwa katikati, na lukwakongo za watu mbalimbali zikakizunguka, ndevu zikining'inia. Kila mkao ulikuwa na maneno yake. Uso mmoja, bila kubadilika hata kidogo, ulibeba mafundisho mengi, na uliweza kuyabeba kwa sababu haukuwa umejifunga kwenye maana moja. Hebu fikiria uso wenye machozi yaliyochongwa: utaweza kufundisha nini siku ya furaha?

Zipo sanamu ambazo maana yake imekaribia kukaa mahali pamoja. Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, ana nyuso zinazotazama pande mbili, tatu au zaidi, na methali yake humtaja kuwa ameona tembo ng'ambo ya mto mkubwa. Ni mtu wa kindi huyo: anaona mambo pande zote, hahukumu akiwa amesikia upande mmoja. Wayinda ni mwanamke mwenye tumbo kubwa, aliyezini akiwa mjamzito na kuleta maafa nyumbani. Anaonyeshwa ili watu waone wasichopaswa kuwa. Napenda kwamba mabaya nayo yalichongwa kwa uangalifu uleule, yakapakwa mafuta yaleyale, yakawekwa kikapu kimoja na mema. Hakuna aliyesema sanamu ya mwovu ichongwe vibaya.

Na kikapu chenyewe ni somo. Pamoja na vikapu vya watu binafsi kulikuwa na mutulwa, kikapu cha pamoja kilichotunzwa kwa niaba ya kundi zima. Ndani yake, pembeni mwa sanamu zilizochongwa, ungekuta mdomo wa hondohondo, kucha za kakakuona, gamba la konokono mkubwa, gamba la kobe, fuvu la sokwe, manyoya, kipande cha kibuyu. Vitu hivyo vilitolewa na kuchezwa kwa heshima sawa na pembe iliyochongwa. Nadhani hili ndilo linalowatatiza wanaopanga maonyesho: mdomo wa hondohondo haukuchongwa na mtu, hivyo hauitwi sanaa, hivyo unabaki stoo. Kwa mtu wa bwami ulikuwa umekamilika tayari, na mwenye hekima ni yule anayejua kitu gani kinahitaji kisu na kitu gani kinahitaji kuokotwa tu.

Kakakuona alipewa nafasi ya pekee. Walega walisema yeye ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba, na ukitazama magamba yake yalivyopangwa, kila moja likifunika mzizi wa lile lililo chini yake, halafu ukatazama paa la majani mapana ya msituni, hutabisha. Alipouawa, hata kwa bahati mbaya, nyama yake haikuliwa ovyo. Bwami waliitwa, na mgawo ukafuata taratibu zake. Leo magamba ya kakakuona husafirishwa kwa magendo hadi Asia, kwa magunia.

Kulikuwa pia na ile kamba, mutanga, iliyotundikwa vitu vidogovidogo, kila kimoja kikishika methali yake. Georges Defour alizikusanya methali hizo katika kitabu chake kuhusu kamba ya hekima ya Walega, kilichochapishwa hapa hapa Bukavu na Éditions Bandari. Ni moja ya sababu zangu za kuupenda mji huu: kitabu cha namna hiyo hakikuhitaji kwenda Paris kuzaliwa. Nimesikia watu wakiita kamba hiyo maktaba, na sipendi kuilinganisha hivyo, kwa kuwa vitabu vya maktaba husubiri msomaji akiwa peke yake. Kamba ilihitaji mtu wa kugusa kitu, mtu wa kutoa maneno, na mtu wa kusikia, wote watatu wakiwa mahali pamoja.

Kuhusu kofia za kindi nitasema kidogo, kwa raha yangu tu. Ni kofia za kusukwa, zilizofunikwa kete au magamba meupe ya majini, na juu yake husimama mkia wa tembo wenye singa nyeusi. Biashara ilipoleta vifungo vya mashati, watu wakavishona vifungo badala ya kete: safu kwa safu, vyeupe, vyenye matundu manne. Wapo wanaosikitika wakiona hivyo, wakidai usafi umepotea. Mimi huona watu waliojua wanachokitafuta, ambacho ni kitu kidogo, cheupe, cha mviringo, kinachong'aa kwa safu, na wakakitambua hata kilipotoka kwenye kiwanda cha ng'ambo. Kete nazo zilitoka baharini, mbali sana na Shabunda, nani alizilalamikia?

Wanawake walikuwa na ngazi zao, na mwanamume hakuweza kufika juu bila mke aliyeingizwa pamoja naye. Ngazi ya juu ya wanawake ni bunyamwa, na aliyeifikia aliheshimiwa kiasi ambacho wanaume wengi wa ngazi za chini hawakukijua. Maandishi ya kale ya Wazungu huwataja kwa mistari michache kisha yakarudi kwenye pembe.

Maandishi hayo yalianza mapema. Afisa wa Kibelgiji, Delhaise, alichapisha kitabu chake kuhusu Walega mwaka 1909. Lakini aliyekaa na kusikiliza kweli ni Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Urega katika miaka ya 1950, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1973, Lega Culture, bado hakijapata mshindani. Mengi kati ya tunayoyajua juu ya matumizi ya vitu hivi, wazee walimkubalia ayaone. Na walimkubalia wakati mgumu. Mwaka 1948, mji wetu ukiitwa bado Costermansville, serikali ya kikoloni ilipiga bwami marufuku. Miaka minne ilikuwa imepita tangu uasi wa wafuasi wa dini ya Kitawala upande wa Masisi na Lubutu, na chama chochote kilichokutana bila mzungu kuwapo kilitiliwa shaka. Chama kilichowafundisha watu kujizuia, kusikiliza na kutogombana kikaandikwa pamoja na maadui wa utulivu! Wazee hawakuacha, walipunguza sauti. Lakini vitu vilianza kutoka. Kikapu ambacho mtunzaji wake anaogopa kukamatwa ni rahisi kununuliwa.

Vilitoka kwa njia nyingi: kwa maofisa, kwa wafanyabiashara, kwa vijana waliobatizwa wakaambiwa wachome, kwa vita vya miaka ya 1960, kwa njaa. Sehemu kubwa iko katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Mkusanyiko mwingine mkubwa ulikuwa wa Jay Last, mwanafizikia wa Marekani, mmoja wa watu wanane walioanzisha Fairchild Semiconductor mwaka 1957, kampuni iliyofungua njia ya saketi ndogo zilizomo leo ndani ya kila simu. Aliipenda sanaa ya Walega kwa miongo mingi, na vitu vyake vimekwenda kwenye jumba la makumbusho la Fowler, Los Angeles, ambalo mwaka 2001 liliandaa maonyesho makubwa ya kazi hizo. Sina neno baya juu yake. Alivitunza vizuri kuliko wengi. Lakini mtu wa Mwenga au Shabunda, ambako watu huchimba kasiterita na koltani kwa sururu, hawezi kusoma habari hiyo bila kutulia kidogo. Tekinolojia ilichukua madini ya nchi, na utajiri wa tekinolojia ukanunua nyuso za wazee wa nchi hiyohiyo.

Jambo hili halikuwapata Walega peke yao. Kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, Waifugao waliojenga matuta ya mpunga kwenye milima mikali huchonga bulul, sanamu za mti za kulinda mavuno, mara nyingi wawili wawili, mume na mke. Wahispania walioitawala Ufilipino tangu mwaka 1565 hadi 1898 hawakuweza kuwatiisha watu hao wa milimani kikamilifu, na bulul wakabaki ghalani. Nao ni wenye miguu iliyokunjwa, uso uliopunguzwa hadi mistari michache, mikono juu ya magoti. Na nao hawamaliziki kwa mchongaji: katika ibada hupakwa damu ya nguruwe na kumwagiwa pombe ya mchele, moshi wa ghala ukawaweka weusi, miaka ikapita. UNESCO iliyaandika matuta hayo kwenye urithi wa dunia mwaka 1995. Sanamu zenyewe, nyingi, zimeuzwa kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Ningependa siku moja mtu aweke iginga na bulul meza moja, bila kioo, na kuwaita mzee wa Urega na mzee wa Ifugao wakae pande mbili. Sidhani wangehitaji mkalimani kwa muda mrefu.

Sasa, sokoni. Yeyote aliyekaa Bukavu amewahi kuonyeshwa kinyago cha zamani sana, kilichotoka kijijini juzi, cha babu aliyefariki. Vingine ni kweli. Vingi vimechongwa mwezi uliopita, vikapakwa masizi na mawese, vikazikwa ardhini, vikasuguliwa kwa kiwi ya viatu. Siwalaumu wanaovichonga; wana watoto wa kulisha, na wengine wana mkono mzuri kweli. Lakini uzee wa kubandika unajidhihirisha. Umeenea sawasawa kila mahali, wakati uzee wa kweli una upendeleo. Geuza kinyago, tazama matundu ya pembeni: kamba iliyopita miaka mingi huacha mfereji, na mfereji huo huelekea upande ambao uzito ulivuta. Tazama palipo juu, pua na nyusi, kama pamelainika kuliko mabonde. Nusa. Masizi ya jana yana harufu kali, na kiwi haifichiki. Kuhusu pembe, usinunue, iwe mpya au kongwe. Biashara ya kimataifa ya pembe za tembo ilizuiwa kwa uamuzi wa mwaka 1989 wa mkataba wa kimataifa wa CITES, na tembo wa misitu yetu hawana wa kupotezwa tena.

Hilo nalo linatuacha mahali pagumu. Iginga mpya ya pembe haiwezi kuchongwa leo, wala haifai. Zilizopo ndizo zilizopo. Zile zilizo nyuma ya vioo, Bukavu, Tervuren au Los Angeles, zimeacha kupakwa mafuta. Zimehifadhiwa katika hali ya siku ile zilipotoka mkononi mwa mtu wa mwisho. Sijui jumba la makumbusho duniani ambalo lingeruhusu mgeni azipake mbarika, na wahifadhi wana sababu zao. Lakini kibao kinachosema "Kinyago. Walega. Mti." ni uvivu usio na sababu. Mchongaji aliacha nafasi makusudi. Basi anayekionyesha kitu na aijaze hata kwa methali moja, kwa Kilega, na sauti ya mtu anayeijua ikisikika chumbani.

Kwa mti hali ni tofauti. Miti ipo, tezo zipo, na Bukavu kuna vijana wanaochonga kila siku. Wanachokikosa ni mtu wa kuwaambia kinyago hiki hukaa wapi na husema nini, ili wajue wapi pa kuachia kisu. Bila maneno hayo wanaongeza: meno, pembe, chozi, ramani ya Afrika mgongoni. Mnunuzi hupenda, na fundi hujifunza kutoka kwa mnunuzi.

Kwa hiyo nina ombi kwa familia za Walega zilizoko Bukavu, Kamituga, Uvira, Kinshasa na ughaibuni. Kama nyumbani kwenu kuna kitu cha babu, kikiwa kinyago, kijiko, kigoda cha kisumbi, kofia au hata gamba tu la konokono lililofungwa kwenye kitambaa, msikioshe kwa sabuni na msikipake vanishi. Mchukue simu, mkae na mzee aliyebaki, mmuulize kilishikwa na nani kwa mfuatano, na kilipotolewa watu waliimba nini. Mumrekodi kwa Kilega, hata kama ninyi hamuelewi kila neno. Fanyeni hivyo kabla ya Krismasi ijayo, maana wazee waliowahi kuviona vitu hivi vikitumika wamebaki wachache.